Utalii Usikanyage Makaburi

Katika pwani ya Namibia, kati ya miji ya Swakopmund na Walvis Bay, jangwa na bahari vimekutana uso kwa uso. Upande mmoja vimesimama vilima vya mchanga wa Namib, jangwa ambalo wataalamu wanalihesabu miongoni mwa majangwa ya kale kabisa duniani. Upande wa pili ni mawimbi ya bahari ya Atlantiki. Miji hiyo miwili imeachana kwa kilomita 30 na ushei tu, na katika mwendo huo mfupi biashara kubwa ya utalii imestawi: biashara ya kumwuzia mgeni jangwa na bahari kwa siku moja.

Asubuhi mgeni hupanda chombo bandarini Walvis Bay, akapelekwa hadi rasi ya Pelican Point kuwatazama sili na pomboo. Wengine hupewa mitumbwi midogo na makasia, wakapita katikati ya sili wenyewe, ambao hawana hofu ya binadamu na huja kuuma makasia kwa mchezo. Adhuhuri huandaliwa chaza waliofugwa katika maji hayo hayo. Alasiri magari yenye nguvu huwachukua wageni kuelekea kusini hadi Sandwich Harbour, mahali ambapo kilima cha mchanga huanguka moja kwa moja baharini. Wengine hupelekwa Swakopmund kuendesha pikipiki za magurudumu manne juu ya vilima, au kulala kifudifudi juu ya ubao na kuteremka mtelemko kwa kasi ya kutisha. Jua linapozama mgeni hurudi hotelini, mchanga ukiwa masikioni na chumvi ikiwa midomoni, akiwa ameridhika.

Hakuna ubaya katika furaha ya namna hiyo. Kila binadamu ana haki ya kupumzika baada ya kazi, na kila taifa lina haki ya kupata riziki kutokana na uzuri wa nchi yake. Lakini furaha ya mtu mmoja haiwi halali ikiwa imejengwa juu ya hasara au fedheha ya mwingine. Kwa sababu hiyo inafaa kuuliza maswali matatu juu ya safari hiyo ya siku moja: inaifanya nini ardhi, inawafanya nini wafu, na inawapa nini walio hai?

Swali la kwanza ni la ardhi. Wengi hudhani kwamba jangwa ni mahali patupu, na kwamba mahali patupu hapawezi kuharibiwa. Dhana hiyo ni ya makosa. Jangwa la Namib na bahari iliyo mbele yake ni ndugu wa tumbo moja. Mkondo wa Benguela unaleta maji ya baridi kutoka kusini. Hewa inayopita juu yake inapoa, mvua hainyeshi, na nchi inabaki kavu. Maji hayo hayo ya baridi hupandisha kutoka kilindini chakula cha samaki, na samaki huwalisha sili na ndege wa baharini. Kisha bahari hulitumia jangwa salamu za ukungu. Yuko mbawakawa ambaye alfajiri hupanda juu ya kilima, akainamisha kichwa na kuinua mgongo, ili ukungu ugande mgongoni mwake na matone yamtiririkie kinywani. Uko mmea wa welwitschia wenye majani mawili tu, nao huweza kuishi zaidi ya miaka 1,000.

Ni lazima kusema ukweli kamili hapa. Mchanga wa vilima vinavyohamahama haukumbuki sana. Upepo wa usiku mmoja hufuta alama za magurudumu ya mchana. Lakini nyanda za changarawe zilizo kando ya vilima zina kumbukumbu ndefu. Gari likipita hapo mara moja, linavunja ukoko wa ardhi na kuua laikeni, yaani vile viumbe vidogo vinavyong'ang'ania mawe na kuishi kwa ukungu. Alama yake huweza kuonekana kwa miongo mingi. Katika nyanda hizo hutaga buabua wa Damara, ndege mdogo wa baharini ambaye wengi wa jamii yake huzalia Namibia. Hutaga yai moja juu ya changarawe tupu, nalo lina rangi ya changarawe hiyo. Mwendesha pikipiki aliyeacha njia kwa ajili ya kujionyesha mbele ya rafiki zake hawezi kuliona kabla ya kulivunja.

Serikali ya Namibia haikulala. Katiba ya nchi hiyo, katika kifungu cha 95, imetaja waziwazi wajibu wa kuhifadhi mazingira. Mwaka 1995 ziwa la bahari la Walvis Bay, makao ya maelfu ya heroe, liliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mwaka 2010 pwani hiyo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Dorob, na maeneo ya magari yakatengwa na maeneo ya ndege. Mwaka 2013 bahari ya mchanga ya Namib ikawa Urithi wa Dunia. Sheria basi zipo. Kinachohitajika ni utii, na utii huanza kwa yule anayekodisha pikipiki na yule anayeipanda.

Swali la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linahusu damu ya watu. Swakopmund ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1892 ili iwe mlango wao wa bahari, maana bandari ya Walvis Bay ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1904 Waherero, na baadaye Wanama, waliinuka kupinga kunyang'anywa ardhi na mifugo yao. Jemadari Lothar von Trotha alitoa amri tarehe 2 Oktoba mwaka huo kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya koloni, awe na bunduki au asiwe nayo, apigwe risasi. Maelfu walifukuziwa jangwani wakafa kwa kiu. Waliosalia, wakiwamo wanawake na watoto, walifungwa katika kambi, na mojawapo ya kambi hizo ilikuwa Swakopmund. Huko walilazimishwa kupakua mizigo ya meli na kufanya kazi za sulubu, wakiwa na nguo chache na chakula haba, katika baridi ile ile ya ukungu ambayo leo mtalii huivalia koti zito. Walikufa kwa mamia. Walizikwa mchangani, ukingoni mwa mji, katika vichuguu vidogo visivyo na jina wala tarehe.

Makaburi hayo yapo hadi leo. Karibu nayo ni makaburi ya Wajerumani, yenye mawe yaliyochongwa na majina yanayosomeka. Lakini yale ya Waafrika yalikaa miaka mingi bila ukuta wala ishara, na ilitokea kwamba magari na pikipiki za burudani zilipita juu yake zikielekea kwenye vilima. Waliokuwa juu ya pikipiki hizo aghalabu hawakujua. Waliokuwa chini hawakuweza kusema. Mwaka 2007 liliwekwa jiwe la ukumbusho, na wazao wa marehemu wamekuwa wakijitolea kwa mikono yao kuyarudishia makaburi hayo umbo na heshima. Ni kazi ya kusifiwa, lakini pia ni kazi ya kuaibisha, kwa sababu haikupaswa kuachiwa wafiwa peke yao. Katikati ya mji huo huo lipo sanamu la askari wa majini wa Kijerumani lililosimamishwa mwaka 1908, kuwatukuza waliokuja kuwaua wenye nchi. Halikuhitaji kusubiri miaka 100 ili lijengewe msingi.

Msomaji wa Tanzania hawezi kuitazama habari hii kama ya mbali. Wakati Waherero na Wanama walipokuwa wakifa katika kambi za Swakopmund, utawala huo huo wa Kaisari ulikuwa ukiunguza mashamba na maghala ya chakula ya wananchi wa kusini mwa Tanganyika katika Vita vya Maji Maji, kuanzia mwaka 1905 hadi 1907. Mwaka 2021 Ujerumani ilikiri kwamba yaliyofanyika Namibia, kwa mtazamo wa leo, ni mauaji ya kimbari, ikaahidi Euro bilioni 1.1 kwa muda wa miaka 30. Wawakilishi wengi wa Waherero na Wanama waliyapinga mapatano hayo kwa kuwa hawakushirikishwa ipasavyo. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea na kuomba msamaha. Msiba ulikuwa mmoja, na mkono ulioleta msiba ulikuwa mmoja.

Ukombozi pia ulikuwa na njia moja. Sam Nujoma alipotoka nchini mwake mwaka 1960 alifika Tanganyika, na chama cha SWAPO kikafungua ofisi Dar es Salaam. Mwaka 1964 wapigania uhuru walipewa mahali Kongwa, penye mabaki ya ule mradi wa karanga ulioshindwa, wapate kujifunza kazi ya kuikomboa nchi yao. Namibia ikawa huru tarehe 21 Machi 1990. Walvis Bay haikuwa huru siku hiyo. Makaburu wa Afrika Kusini waliing'ang'ania bandari hiyo, ingawa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 432 la mwaka 1978, lilikwisha kutamka kwamba iunganishwe na Namibia. Ilirudishwa tarehe 1 Machi 1994. Pwani anayoingia mtalii leo kwa tiketi ilirudi mikononi mwa wenyewe kwa jasho na damu, na sehemu ya jasho hilo ilidondoka katika ardhi ya Dodoma.

Hapo ndipo linapokuja swali la tatu: walio hai wanapata nini? Uhuru ulikuta mali ya biashara, yaani hoteli, vyombo vya baharini na mashamba, ikiwa mikononi mwa wachache. Mondesa na Kuisebmond, vitongoji vilivyotengwa kwa Waafrika wakati wa ubaguzi, ndiko watokako wengi wanaofua mashuka ya wageni na kusafisha magari. Kijana wa huko anaweza kuishi miaka 20 akiwaona wageni wakienda Pelican Point, naye mwenyewe asiwahi kupanda chombo hicho hata mara moja. Kando ya mto Kuiseb wanaishi Watopnaar, ambao kwa vizazi vingi wamekula matunda ya nara yaotayo mchangani. Wanalijua jangwa hilo kuliko kitabu chochote. Je, ujuzi wao unalipwa, au wanageuzwa kuwa sehemu ya mandhari ya kupigwa picha?

Wako watakaojibu kwamba utalii ni ajira, na kwamba maswali kama haya yatawafukuza wageni. Hoja ya ajira ni ya kweli na haifai kubezwa; katika nchi kavu yenye viwanda vichache, mshahara wa nahodha au wa kiongozi wa wageni hulisha watu wengi. Lakini Namibia yenyewe imeonyesha kwamba faida na haki zinaweza kukaa nyumba moja. Sheria ya mwaka 1996 iliwapa wananchi wa maeneo ya jumuiya haki ya kuunda hifadhi zao na kunufaika na wanyama na wageni, na leo hifadhi hizo zimepita 80. Wageni hawakukimbia. Na mgeni mwenye akili hafukuzwi kwa kuambiwa ukweli. Anayefukuzwa na kaburi lililotunzwa hakuwa mgeni wa maana.

Tanzania nayo ina funzo la kuchukua. Mwaka 1970 magazeti ya Dar es Salaam yaliendesha mjadala mkali juu ya utalii: je, ungeweza kuleta fedha bila kuleta unyonge? Miaka imepita, na nchi imeamua kuwapokea wageni kwa wingi. Lakini swali lile halijazeeka. Kilwa Kisiwani, Bagamoyo na Songea ni mahali penye mandhari na wafu. Atakayepanga safari za siku moja katika sehemu hizo anapaswa kuanza kwa kuuliza ni nani aliyezikwa wapi, kabla ya kuamua pikipiki zipite wapi.

Ni wajibu wa halmashauri za miji kuweka kuta, alama na majina. Ni wajibu wa wenye makampuni kufundisha madereva na waongozaji wao historia pamoja na ufundi wa usukani, kuwagawia wenyeji hisa pamoja na ufagio, na kuwapeleka watoto wa Mondesa na Kuisebmond baharini. Ni wajibu wa mgeni kukaa katika njia aliyoonyeshwa. Na itafaa safari ile ya jangwa na bahari ianze kwa nusu saa ya kusimama mbele ya makaburi ya Swakopmund, injini zikiwa zimezimwa. Bahari itamsubiri mgeni, na vilima havitahama kabla hajafika. Wafu hao wamekwisha kusubiri zaidi ya miaka 100.