Mwindaji mpya wa bata, pesa yako ianzie miguuni

Agosti ikikaribia kwisha, simu yangu huanza kupokea picha za manunuzi. Vijana wetu wa huku Minnesota na wa ng'ambo ya Mto Mississippi, Wisconsin, wameanza kupenda uwindaji wa bata. Wamo Watanzania, Wakenya, na Wakongomani waliokulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Wakishasikia kwamba nasaidia kufundisha darasa la usalama wa bunduki hapa Winona, hunitumia orodha zao niwakagulie. Mwaka huu kijana mmoja wa Kigoma amenitumia picha ya kikapu chake kabla hajalipia: kombati ya madoa ya matete kuanzia kofia hadi suruali, filimbi tatu za kuitia bata, bata wa plastiki anayezungusha mabawa kwa betri, na begi la kubebea vyote hivyo. Chini akaandika: "Shikamoo mjomba. Hapo nimekamilika?"

Nikamjibu: marahaba, bado. Sijaona kitu hata kimoja cha kukutoa majini ukiwa hai.

Nalisema hili hadharani kwa sababu maduka ya uwindaji ya Marekani yamepangwa kumpoteza mgeni. Mlangoni utakutana na kombati, filimbi na bata wanaozungusha mabawa. Jaketi la kuokolea maisha utalikuta nyuma kabisa, upande wa mashua, na marisau yamefungiwa nyuma ya kaunta. Anayeanza anafuata mpango wa duka, akifika kwenye vitu vya lazima pesa imekwisha. Mimi naamini mpangilio huo ugeuzwe: kwanza kinachokulinda na maji baridi, pili kinachomuua ndege mara moja bila kumjeruhi, na mapambo yaje mwisho, au yasije kabisa.

Nilikulia Ifakara. Bonde la Kilombero likifurika wakati wa masika, bata maji hutua kwa makundi kwenye mbuga, nasi watoto tulikuwa tukiingia hadi kiunoni bila kuwaza lolote isipokuwa mamba. Maji yale ni ya uvuguvugu. Mto Mississippi mwezi Novemba ni habari nyingine. Maji yanakaribia kuganda, na mtu akitumbukia, kinachomtangulia ni mshtuko: anavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama uso umo majini, anavuta maji. Akivuka hapo, dakika chache baadaye vidole havishiki tena kamba wala ukingo wa mtumbwi. Waogeleaji hodari wamekufa hivyo, wakiwa hatua chache tu kutoka nchi kavu.

Wazee wa Winona hawahitaji kuambiwa. Tarehe 11 Novemba 1940 ilikuwa sikukuu ya kumbukumbu ya kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza, na asubuhi yake ilikuwa na joto lisilo la kawaida kwa mwezi huo. Wawindaji wengi walivuka kwenda kwenye visiwa vya mto wakiwa na majaketi mepesi. Mchana upepo ukageuka, theluji ikamwagika, mawimbi yakawazuia kurudi, na bata wakawa wanapita juu yao kwa maelfu wakiikimbia dhoruba. Katika Minnesota walikufa watu 49, na karibu nusu yao walikuwa wawindaji wa bata. Baadhi walikutwa wameganda. Kesho yake rubani wa hapa mjini, Max Conrad, alirusha ndege yake ndogo juu ya visiwa hivyo akiwadondoshea manusura makopo ya chakula na viberiti, na kuwaongoza waokoaji. Wawindaji waliokufa walikuwa na bunduki, risasi na bata wa bandia wa kutosha. Walichokosa ni nguo.

Kwa hiyo pesa ianzie miguuni. Mwindaji wa kinamasini huvaa ovaroli ya mpira inayofika kifuani, iliyounganishwa na buti zake. Iko ya neoprini, ile nene kama ya wapiga mbizi, ambayo ina joto na bei yake inavumilika. Na iko ya kitambaa chepesi kinachotoa jasho, ambayo ni bora kwa anayetembea sana lakini hudai nguo nzito ndani. Zipo za dola 1,000. Mgeni hazihitaji hizo. Anachohitaji ni ovaroli inayomkaa, na hapo ndipo watu hukosea kwa kuagiza mtandaoni kwa kukisia. Nenda dukani na soksi zako nene, vaa jozi mbili, kisha ingia kwenye ovaroli. Vidole vya miguu vichezeke ndani ya buti, maana mguu uliobanwa huganda kabla ya mkono. Chuchumaa mpaka chini. Halafu tafuta kiti, panda juu yake kwa mguu mmoja kama unayeingia mtumbwini. Kitambaa kikikaza kwenye nyonga au mikanda ya mabega ikikuvuta, irudishe. Msimu hautaisha kabla haijapasuka kwenye mshono wa katikati ya miguu.

Ovaroli hiyo huja na mkanda wa kiunoni. Vijana wengi huuacha ndani ya boksi, au huufunga kwa ulegevu kwa sababu unawabana wakikaa. Mkanda huo ndio unaozuia maji yasiingie kwa wingi hadi miguuni ukianguka. Ovaroli iliyojaa hukuruhusu kuelea kwa muda, lakini kupanda ukingo au kurudi mashuani ukiwa na maji hayo yote miguuni ni kazi ambayo mwili uliopigwa na baridi hauiwezi. Kaza mkanda kabla hujakanyaga maji, na juu yake vaa jaketi la kuokolea. Sheria hapa inataka jaketi moja kwa kila aliyemo mashuani. Mimi namtaka kila kijana wangu awe amelivaa, siyo amelikalia. Siku hizi yapo membamba yanayojijaza hewa yenyewe, na hayakuzuii kuweka kitako cha bunduki begani.

Kuhusu nguo, hili ni eneo ambalo sisi watu wa mitumba hatuhitaji mwalimu. Sufu inabaki na joto hata ikilowa, pamba ikilowa inakunyonya joto. Sweta la sufu la dola chache kutoka duka la nguo zilizotumika, fulana ya ndani isiyo ya pamba, kofia inayofunika masikio na jozi mbili za glavu, moja ikiwa kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, zinatosha kukuanzisha.

Wataniambia, mjomba, bila kombati bata watatuona. Ni kweli bata ana macho makali na anaona rangi. Lakini kinachomfukuza kwa kawaida ni mwendo: uso mweupe au mweusi unaong'aa jasho ukiinuka kumtazama, mkono unaochezea simu, mtu anayesimama kabla ya wakati. Koti kuukuu la rangi ya udongo, kofia iliyoshushwa, na mtu aliyetulia ndani ya matete yaliyokauka, vinafanya kazi ile ile. Utulivu haununuliwi.

Bunduki ndiyo inayoulizwa zaidi, na ndiyo yenye jibu fupi. Nunua ya marisau, geji 12, chemba ya inchi 3, ya kukoki kwa mkono. Remington 870 inatengenezwa tangu 1950, na ya mtumba kutoka kwa muuzaji mwenye leseni, ikiwa imekaguliwa na fundi, itakuhudumia wewe na mwanao. Ya kukoki kwa mkono haina mambo mengi: tope na barafu vikiingia, unaifungua, unaisafisha, unaendelea. Mwenye mwili mdogo asione haya kuchukua geji 20. Pima kitako ukiwa umevaa koti la baridi, kwa sababu bunduki inayokukaa vizuri kwa fulana itagota kwapani mwezi Novemba. Angalia pia kijiti kilichomo ndani ya magazini. Sheria ya ndege wanaohama inataka bunduki isibebe zaidi ya katriji tatu, mbili kwenye magazini na moja chemba, na kwenye bunduki nyingi za mtumba kijiti hicho kimepotea. Jaribu kwa katriji za mazoezi: chemba ikiwa tupu, mbili ziingie kwenye magazini, ya tatu ikatae.

Marisau yanataka maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapa kosa lako linamuumiza kiumbe mwingine. Bata hana meno. Humeza changarawe, zikakaa kwenye firigisi zikamsagia nafaka. Zamani marisau yalikuwa ya madini ya risasi, na yaliyokosa shabaha yalilala chini ya maji kwa miaka. Bata akayaokota akidhani ni changarawe, firigisi ikayasaga, sumu ikaingia kwenye damu. Mtafiti wa Illinois, Frank Bellrose, alikadiria mwaka 1959 kwamba kila mwaka asilimia 2 hadi 3 ya ndege wa jamii ya bata katika Amerika Kaskazini walikuwa wakifa hivyo. Tai waliokula mizoga na majeruhi nao walikufa. Tangu 1991 ni marufuku katika Marekani yote kuwinda bata kwa marisau ya madini hayo. Sasa tunatumia ya chuma au ya metali nyingine zisizo na sumu.

Chuma ni chepesi kuliko risasi, hivyo hupoteza kasi mapema. Ndiyo maana huchaguliwa punje kubwa zaidi: namba 2 kwa bata wakubwa wenye kichwa cha kijani, namba 4 wakiwa karibu. Usinunue boksi moja la bei mbaya ukaenda nalo moja kwa moja mtoni. Nunua mawili ya aina moja, na sehemu ya boksi la kwanza ifie kwenye karatasi. Chukua karatasi pana ya buchani, chora duara la inchi 30, isimamishe yadi 30 na ufyatue mara moja katikati. Katriji ya wakia moja na robo ya namba 2 ina punje kama 156. Sogea, weka kiganja chako juu ya karatasi, uhamishe huku na huku ndani ya duara. Ukikuta nafasi ya kiganja isiyo na tundu hata moja, jua kwamba bata mzima angepita hapo akiwa na jeraha bawani, akafie matete ya mbali. Badili kibano cha mdomo wa mtutu, kwa kawaida kile cha wastani kinatosha, au badili katriji, urudie. Zoezi hili huchukua nusu ya asubuhi. Anayelikwepa kwa kuona linamchelewesha, kwangu hajawa tayari kuwinda.

Karatasi za serikali ni rahisi, ila ni za lazima: leseni ya jimbo, usajili wa wawindaji wa ndege wanaohama, stempu ya jimbo, na stempu ya bata ya taifa ya dola 25 kwa kila aliyefikisha miaka 16. Stempu hiyo ipo tangu 1934, na ndiyo matumizi ninayoyapenda kuliko yote, maana karibu senti 98 za kila dola huenda kuhifadhi vinamasi. Kwa ndugu zangu wahamiaji naongeza neno zito. Mwenye ukaazi wa kudumu hazuiwi na sheria ya taifa kwa sababu ya uraia wake. Aliyeingia kwa viza ya muda, ikiwemo ya masomo, amekatazwa kumiliki hata katriji isipokuwa akitimiza masharti maalumu, mojawapo likiwa leseni halali ya uwindaji. Muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla hujaishika bunduki ya rafiki. Kosa hilo linaweza kukurudisha nyumbani.

Na bata wa bandia? Dazeni moja inatosha kwenye kidimbwi, na ya mtumba ni bora, kwa sababu kila Januari kuna mzee anayestaafu anayeuza mifuko yake kwa bei ya kutupa. Watu wa kale wa Nevada walisuka bata wa bandia kwa mafunjo miaka ipatayo 2,000 iliyopita, bata hao wakaja kukutwa katika pango la Lovelock mwaka 1924, na hawakuwa na betri. Mfunge mmoja kamba ndefu, uivute taratibu ukiwa kwenye kificho ili maji yatikisike. Siku isiyo na upepo ujanja huo unashinda mashine. Filimbi ichukue moja, yenye ndimi mbili, ambayo ni rahisi kwa mgeni, ujifunzie garini. Ukiwa mtoni, mpaka umeijua sawasawa, iache mfukoni.

Kwa hiyo ninyi mnaojiandaa kwa ufunguzi wa mwishoni mwa Septemba, nendeni dukani na soksi zenu jozi mbili na mpite moja kwa moja hadi nyuma. Lipieni ovaroli, mkanda na jaketi la kuokolea. Jiandikisheni darasa la usalama wa bunduki. Pesa ikibaki, nipigieni tuzungumze habari za filimbi.