Panga za Henzerani
Wako watu Marekani, wazima na akili zao, ambao siku za mapumziko huvaa deraya wakapigana kama mashujaa wa Ulaya wa zama za kati. Chama chao kilianzia uani mwa nyumba moja, Berkeley, California, mwaka 1966. Panga zao ni za henzerani, bakora ile ile tuliyoijua chuoni. Tusiwacheke. Kwao, aliyepigwa ndiye mwenyewe asemaye, “Limenipata”. Hakuna wa kumlazimisha. Nasi tuna kirumbizi chetu, kichezwacho Lamu wakati wa Maulidi. Vijana wetu wakikijua kwa ngoma tu, bila ya adabu yake, basi sisi wazee tumewarithisha fimbo tukawanyima uungwana. Alikanaye pigo, hata akishinda, ameshindwa.