Riyadha na Kiswahili Kisichoandikwa

Atajwapo Lamu katika mihadhara ya fasihi, aghalabu hutajwa tenzi na watunzi wake. Msikiti wa Riyadha hutajwa kwa nadra, kana kwamba ni mali ya wanadini peke yao. Mtazamo huu una kasoro kubwa.

Habib Swaleh bin Alawi Jamalilleil alitoka Ngazija akalowea Lamu katika nusu ya pili ya karne ya 19. Ukoo wake ni wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut, na tarika yao ni Alawiyya, isiyotenganisha uchaji na usomi. Huko Langoni aliwakaribisha darasani watumwa wa zamani na wageni maskini, watu ambao elimu ya juu ya dini ilikuwa imewapita kando. Baadhi ya wakubwa wa mji walichukizwa. Walichukizwa pia na matari yaliyopigwa katika maulidi ya Al-Habshi, yaliyotungwa na mwalimu wa kisufi wa Seiyun. Habib Swaleh hakurudi nyuma. Riyadha ikasimama mwanzoni mwa karne ya 20, na alipofariki mwaka 1935, uongozi ulibaki mikononi mwa kizazi chake.

Watafiti wa Kiswahili wameikwepa Riyadha kwa hoja kwamba vitabu vyake ni vya Kiarabu. Ni kweli, sehemu kubwa ya miswada yake, ambayo ilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza, ni ya lugha hiyo. Lakini je, ilisomeshwaje? Mwalimu husoma sentensi ya Kiarabu, kisha huifasiri na kuipanua kwa Kiswahili mbele ya wanafunzi. Fikihi, sarufi na tasawufi zimepita katika vinywa hivyo kwa zaidi ya karne moja. Kama kuna nathari ya kitaaluma ya Kiswahili iliyokomaa kabla ya vyuo vikuu, basi ni hii, na haimo katika silabasi.

Miswada imehifadhiwa, sauti za darsa, kwa sehemu kubwa, zimepotea pamoja na wenyewe. Idara zinazogharimia safari za Lamu kila mwaka ili wanafunzi waone magofu na majahazi zingeweza, kwa idhini ya wenye msikiti, kuwapeleka wakaketi darsani na vinasa sauti, angali wapo wazee waliosoma kwa wana na wajukuu wa Habib.