Maumivu ya Mzazi Aliyepasuliwa

Mama aliyejifungua kwa kupasuliwa hutakiwa mambo mengi kabla siku haijaisha: aketi, ashuke kitandani, atembee, amnyonyeshe mtoto. Yote yana faida, kwa maana kutembea husaidia kuzuia damu isigande miguuni. Lakini mara nyingi hutakiwa hayo huku akiambiwa avumilie. Katika kuwatembelea wagonjwa tumewaona wazazi wakiuma khanga ili wasisikike. Nasi, tukiri, tumepata kuwasifu kwa ujasiri wao.

Tulikosea. Wapo kati yetu wanaotaja Kitabu cha Mwanzo kana kwamba Mungu aliagiza wodi isiwe na dawa. Papa Pius XII alikwisha kulijibu jambo hilo: mwaka 1956, alipozungumza na madaktari, alieleza kuwa Maandiko hayakatazi kutafuta uzazi usio na maumivu, na mwaka 1957 akawathibitishia wataalamu wa nusukaputi kwamba kutuliza maumivu ni halali.

Na dawa zenyewe si za kifalme. Utabibu wa leo hautegemei dawa moja. Huunganisha parasetamoli na ibuprofeni, au parasetamoli na diklofenaki, kwa kuwa kila moja hutuliza kwa njia yake. Zikitolewa kwa saa, bila kungoja mgonjwa alie, hupunguza haja ya mofini, nayo hubaki akiba kwa maumivu yanayozidi. Kwa kawaida mtu mzima hupewa parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, asipite gramu 4 kwa siku. Dawa hizi hazimzuii mama kunyonyesha. Lakini ibuprofeni na diklofenaki haziunganishwi, maana ni za jamii moja. Na mwenye ugonjwa wa figo, vidonda vya tumbo au anayevuja damu zaweza kumdhuru. Kwa hiyo mpango ni wa tabibu, si wa muuza duka.

Mkoani Kigoma vituo vya afya kadhaa, kama vile Ujiji na Buhingu, viliwezeshwa kufanya upasuaji wa uzazi, ili mama wa mwambao asilazimike kuufuata mbali. Kisu kimesogea karibu. Dawa ya baada ya kisu nayo isogee. Anayerudi kijijini kwa boti huketi juu ya ubao huku mawimbi yakimtikisa mshono, na duka la dawa ameliacha nyuma. Waume, na akina mama wa WAWATA wanaomsindikiza, waulize kabla ya kuondoka: dawa zipi, saa ngapi, kwa siku ngapi? Maumivu yakiongezeka badala ya kupungua, au ikija homa, au mshono ukitoa usaha, asifunikwe kwa vidonge. Arudishwe kwa tabibu siku hiyo hiyo.

Nanyi viongozi wa walei mlio katika kamati za vituo vya afya, katika kikao kijacho ombeni daftari la dawa. Tazameni ni siku ngapi mwezi uliopita parasetamoli na ibuprofeni hazikuwapo, na siku hizo walipasuliwa akina mama wangapi.