Mpelelezi wa Wino na Uso wa Mtu Mweusi

Ni nadra kumpata kijana wa Nyeri, Karatina au Nanyuki asiyemjua Batman, mpelelezi wa Kimarekani aliyetokea kwenye karatasi mwaka 1939. Mwenziwe, The Spirit, wengi hawamjui, naye khaswa ndiye aliyeibadili sanaa yenyewe.

Will Eisner alimleta Juni 1940, kurasa saba kila wiki ndani ya magazeti ya Jumapili. Mwaka 1942 akaandikishwa jeshini, akawa achora katuni za kuwafundisha askari kutunza magari, na mikono mingine ikamwendeleza Spirit. Aliporudi mwisho wa 1945 ukurasa ukageuka sinema: mvua yamiminika, kivuli chamtangulia mwenyewe, na jina la hadithi limejengwa kwa majumba. Ufundi huo hauna kasoro.

Lakini msaidizi wa mpelelezi, kijana mweusi Ebony White, alibaki kikaragosi: midomo minene, macho ya duara, maneno yaliyovunjwavunjwa. Mkono uliojua kuchora mvua ulishindwaje na uso wa mtu?

Katika vita hivyo hivyo Waruhiu Itote wa Nyeri, aliyekuja kuitwa Jenerali China, alikuwa askari wa Keya. Katika kitabu chake cha 1967 asimulia alivyokutana Calcutta na askari mweusi wa Kimarekani, wakazungumza habari za uhuru. Askari wa Marekani walizisoma mno katuni hizo. Sidhani bwana yule alijiona ndani yake.

Mwaka 1958 Ian Henderson, polisi aliyemsaka Dedan Kimathi, akatoa kitabu cha msako huo. Mpelelezi Mzungu, mweusi wa kuwindwa msituni. Kimathi, aliyekamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957, hakuwapo kujibu.

Ndipo miaka ya 1960 akaja Lance Spearman, mpelelezi mweusi, kofia kichwani na bastola mkononi, hadithi zake zikisimuliwa kwa picha za kamera. Kamera haimwongezi mtu midomo. La ajabu, alitoka katika shirika la Drum la Johannesburg, mji ambao mweusi hakutembea bila pasi. Kenya walimsoma hadi kurasa zikachakaa.

Vijana wa Nyeri wanaochora leo na wajifunze vivuli vya Eisner, si haramu. Nasi twaungoja ule msako wa Aberdare uchorwe kwa mkono wao, kuanzia upande wa aliyesakwa.