Tutarajie Nini kwa Mwalimu Mpya wa Mpira?

Tangu shule ilipofunguliwa muhula huu, hakuna habari iliyozungumzwa mabwenini na chini ya miembe kuliko habari ya mwalimu mpya wa mpira. Wengine wasema ametuletea bahati, na kombe la wilaya wamekwisha kulipangia mahali pake ofisini kwa Mkuu wa Shule. Wengine, baada ya mchezo mmoja tu tulioshindwa, wasema afadhali yule wa zamani. Mimi naona pande zote mbili zimefanya haraka. Timu yetu yaweza kuendelea mbele, na naamini itaendelea; lakini haitaendelea kwa sababu ya mwalimu mpya peke yake. Itaendelea endapo kila mmoja wetu atabeba mzigo wake.

Sisi wa Nzega na Tabora twapaswa kulifahamu jambo hili kuliko watu wengine. Zamani Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri katika njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikapita Tabora, ikafika Bagamoyo. Kila msafara ulikuwa na kirangozi wake, mtu aliyetangulia mbele na kuonyesha njia. Kirangozi alijua penye maji na penye kambi, lakini hakuibeba mizigo ya watu wote. Wapagazi wakiitupa mizigo porini, msafara uliharibika hata kama kirangozi alikuwa hodari namna gani.

Na tutazame mambo ya karibu. Mwezi wa Agosti 2023, timu ya mkoa wetu, Tabora United, ambayo hapo kwanza iliitwa Kitayosce, ilianza Ligi Kuu kwa kucheza na Azam huko Chamazi, Dar es Salaam. Kwa kuwa ilikuwa imezuiliwa kuandikisha wachezaji wapya, iliingia uwanjani na watu wanane tu. Ikafungwa mabao 4, na wachezaji wengine walipoumia, idadi ikawa pungufu ya ile inayoruhusiwa na sheria, refa akauvunja mchezo kabla hata ya mapumziko. Nauliza: ni kocha gani duniani angeshinda siku ile?

Lakini timu haikufa. Mwisho wa msimu ule ilinusurika kushuka daraja kwa michezo ya mtoano. Na tarehe 7 Novemba 2024, katika uwanja ule ule wa Chamazi, ikaifunga Yanga, mabingwa wa nchi, mabao 3 kwa 1. Kutoka aibu ile mpaka furaha ile ni miezi kumi na mitano. Hata tangu 2025, ilipobadilishwa jina ikaitwa TRA United, watu wa Tabora hawakuisahau siku hiyo. Kama tungaliihukumu timu ile kwa mchezo wake wa kwanza, tungalisema haifai kitu.

Upande wa Yanga mambo yalikuwa mengine. Hazikupita siku kumi, wakaachana na kocha wao Miguel Gamondi wa Argentina, ambaye ndiye aliyewapa ubingwa msimu uliotangulia. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2025, mtu huyo huyo akakabidhiwa timu ya taifa, Taifa Stars. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika huko Moroko, timu yetu ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza tangu iliposhiriki mara ya kwanza mwaka 1980. Ilitolewa Januari 2026 na wenyeji wenyewe, kwa bao 1 kwa 0.

Hapo msomaji mmoja ataniambia: "Basi umejifunga mwenyewe! Kocha mpya amekaa chini ya miezi miwili, na matunda yameonekana." Namjibu hivi. Tiketi ya kwenda Moroko hakuipata Gamondi. Aliipata Hemed Suleiman, ambaye wapenzi wa kandanda humwita Morocco. Yeye aliishika timu Januari 2024 wakati wa msukosuko, mashindano yakiendelea, baada ya kocha Adel Amrouche kusimamishwa. Alikuwa msaidizi, kwa hiyo wachezaji aliwajua na wao walimjua. Novemba 2024 vijana wake wakaifunga Guinea bao 1 kwa 0 pale Dar es Salaam, wakapata nafasi. Gamondi alikuta nyumba imekwisha kuezekwa. Yeye akatia milango, na akaitia vizuri. Sifa yake asinyimwe, lakini aliyejenga kuta naye asisahauliwe. Kadhalika mwalimu wetu wa zamani: vijana hawa wanaocheza leo ni yeye aliyewafundisha kupiga pasi.

Tena iko tofauti moja kubwa baina yetu na timu hizo. Klabu ikikosa mlinzi hodari, hutafuta fedha ikamnunua. Timu ya shule hainunui wachezaji, huwakuza. Na ikiisha kuwakuza, huwapoteza. Kila Novemba Kidato cha Nne hufanya mtihani wao wa mwisho, hukunja magodoro yao, na hao huenda zao pamoja na nahodha na golikipa. Kwa sababu hiyo mwalimu wa mpira wa shule ni kama mkulima ambaye kila mwaka huanza na shamba jipya. Asipopanda mbegu katika Kidato cha Kwanza na cha Pili, mwaka ujao hana cha kuvuna.

Sasa nije kwenye neno lililoleta manung'uniko. Mwalimu mpya ameweka sharti kwamba asiyehudhuria darasani na mazoezini hachezi, awe nani. Kwa sharti hilo mfungaji wetu maarufu aliketi nje ya uwanja katika mchezo ule tulioshindwa. Wengi walilia: "Tumeshindwa kwa ukaidi wa Mwalimu!" Mimi nasema Mwalimu alifanya sawa. Angalimpanga, pengine tungalishinda siku ile. Lakini wale wengine waliofika mazoezini kila siku jua likiwaka wangalijifunza nini? Wangalijifunza kwamba kipaji hufuta wajibu. Funzo hilo likiingia katika timu, hakuna kocha awezaye kulitoa. Na mfungaji wetu mwenyewe si mtoto mbaya. Akirudi mazoezini, nafasi yake ingali ipo.

Wazazi wetu wapenzi, nanyi mna sehemu. Twajua kwamba mvua zikianza, jembe halina mbadala, na mtoto wa kutwa hutazamiwa shambani jioni. Hatuwaombi mwache kilimo. Twawaomba siku mbili tu katika juma mtoto akawie shuleni, tena mjue yuko na mwalimu wake. Nanyi waheshimiwa walimu, twaomba kwa adabu saa ya michezo isigeuzwe kuwa saa ya adhabu au ya masomo ya ziada pasipo Mwalimu wa mpira kujulishwa. Na sisi wanafunzi tunaosimama kando ya mstari, tuache kumzomea golikipa wetu akikosea. Mpinzani yupo kwa kazi hiyo. Hahitaji msaada wetu.

Basi tutampimaje mwalimu huyu? Si kwa kombe la mwaka huu. Napendekeza vipimo vitatu ambavyo mtu yeyote aweza kuviona. Kwanza, tuhesabu vijana wanaofika mazoezini katika juma la mwisho la muhula, si juma la kwanza. Pili, tutazame dakika kumi na tano za mwisho za kila mchezo, kwa maana hapo ndipo huonekana kama timu ina pumzi na utii. Tatu, tuulize ni wangapi wa Kidato cha Pili wameaminiwa kucheza walau kipindi kimoja. Hesabu hizi zikipanda mpaka mwisho wa mwaka, Mwalimu anafanya kazi yake, hata kama kabati la makombe bado li tupu. Zikishuka, hapo tutakuwa na haki ya kuuliza, tena kwa heshima.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji anayelala kitandani na kukataa dawa, mgeni atamponyaje? Kwa hiyo Jumatatu saa kumi jioni, filimbi ikilia, kila aliyejiandikisha na awepo uwanjani. Hata yule asiyejua kupiga mpira aweza kusaidia kuchota maji na kupaka mistari chokaa.

Mpenda Kandanda
Kidato cha Tatu