Mgeni Atalala Wapi?

Baba mmoja wa Luvungi atuuliza amsaidieje rafiki yake wa Ubelgiji apate viza ya kuja kumtembelea. Mwenye kuomba viza ni mgeni. Kazi ya baba ni barua ya mwaliko, iliyothibitishwa kwa muhuri wa serikali. Amkumbushe pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Lakini baba huyu aona haya kwa nyumba yake ya udongo, ataka kuandika kwamba mgeni atalala hotelini Bukavu. Asithubutu! Atiaye sahihi barua hiyo hujifunga mbele ya serikali kumtunza mgeni. Na huyo akiulizwa mpakani atajibu, “Luvungi”, karatasi ikisema Bukavu. Je, mama wa nyumba amekwisha kuulizwa? Ndiye atakayepika.